Uzee Usio na Kipato Ni Tatizo la Vijana

Mwaka 1988, Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyekuwa ameanza kuzidiwa na umri, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Sababu yake ilikuwa fupi: anazeeka na hana wa kumtunza. Jamaa wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakamani akidai kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu mjini Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki anayopewa mwanamume haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mauzo yakabaki halali, ingawa mdai aliachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei iliyolipwa.

Wanafunzi wa sheria hufundishwa shauri hili kama mfano wa haki za wanawake, na wanafundishwa sawasawa. Ndani yake, hata hivyo, limo swali jingine ambalo mahakama haikuulizwa. Kwa mama yule, shamba lilikuwa pensheni pekee aliyokuwa nayo. Kwa ukoo, lilikuwa akiba ya vijana ambao siku moja wangehitaji pa kulima na pa kujenga. Kipande kimoja cha ardhi kilibebeshwa kazi mbili, kumlisha mzee hadi mwisho wa siku zake na kumwanzishia maisha kijana, na hakikuweza kuzifanya zote.

Zaidi ya miaka 30 imepita, na Tanzania bado inaliacha swali hilo mikononi mwa familia. Vijana wana sera yao, mfuko wao na maafisa wao. Wazee nao wana sera yao, makao yao na siku yao ya kupongezwa kila tarehe 1 Oktoba. Hoja ya makala haya ni kwamba mgawanyo huo unaficha kiini cha mambo. Mzee asiye na kipato cha uhakika haachii kitu chochote, na kijana asiyeachiwa kitu hana cha kumtunzia mzee. Umaskini wa huyu ndio kizuizi cha yule.

Takwimu na tafsiri yake

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania nzima. Vijana wa miaka 15 hadi 35 walikuwa kama asilimia 34.5. Wenye miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.7, yaani karibu milioni 3.5. Kutokana na takwimu hizo, wanasiasa wamezoea kufika kwenye hitimisho moja: vijana ndio nguvu kazi, wazee ni suala la huruma.

Tafsiri hiyo inasahau kuuliza nani ana nini. Vijana ni wengi, lakini mali ya kuzalishia haiko kwao. Mashamba ya urithi, nyumba za kupangisha, viwanja vya mjini vilivyonunuliwa zamani kwa bei ya chini, na fedha za mkupuo zinazolipwa watumishi wanapostaafu viko kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watu waliovuka miaka 55. Na hao wenye mali, wengi wao ni maskini wa fedha taslimu: mzee ana ekari tatu lakini hana nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Kijana naye ana nguvu na simu, lakini hana dhamana ya kupeleka benki. Mtu akiwatazama kila mmoja peke yake ataona maskini wawili. Akiwatazama pamoja ataona mali iliyolala upande mmoja na nguvu iliyolala upande mwingine, na katikati hakuna utaratibu wa kuzikutanisha.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962. Alieleza kwamba mzee wa jamii ya zamani aliyeonekana kukaa bila kazi alikuwa ameshafanya kazi ya kutosha ujanani, na kwamba utajiri ulioonekana kuwa wake ulikuwa wa jamii nzima iliyouzalisha. Yeye aliushika kama mzee wao. Kwa maneno mengine, heshima ya mzee na riziki ya kijana zilitoka ghala moja. Ghala hilo limevunjika, na kilichowekwa mahali pake ni vipande.

Panda mahindi, usipande mti

Mfano ulio wazi zaidi uko Kilimanjaro. Kwenye miteremko ya mlima, kihamba kimekuwa kwa karne nyingi uti wa maisha ya Wachaga: migomba, kahawa, magimbi na maharage katika eneo moja, ng'ombe zizini, makaburi ya wahenga pembeni ya nyumba. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Kwa desturi, kitindamimba wa kiume ndiye aliyebaki na wazazi na kurithi nyumba na kihamba chao, na kaka zake walitafutiwa kwingine. Huo ulikuwa mkataba, ingawa hakuna aliyeuandika: yeye anawatunza wazee, wazee wanamwachia ardhi.

Mkataba ule ulishikiliwa na mambo mawili, ardhi ya kugawa na kahawa yenye bei. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanza mwaka 1933, kilijengwa juu ya kahawa hiyo, na karo za vizazi vya wasomi zilitoka humo. Leo vihamba vimekatwakatwa hadi vingine vimebaki vya kuzungushia nyumba tu, mikahawa mingi imezeeka pamoja na wenyewe, na kitindamimba anauza vifaa vya simu Kariakoo. Anarudi Desemba, anapaka nyumba rangi, anachinja mbuzi, na baada ya sikukuu anaondoka. Mzee wa miaka 75 anabaki na kihamba asichoweza kukipalilia.

Kijiji hichohicho kina vijana wasio na shamba. Kwa nini mzee asiwape? Jibu analijua kila aliyekaa na wazee: akishatoa, hana kingine. Kihamba ndicho kinachowafanya watoto wapige simu. Ndicho kitakachouzwa akiugua sana, na ndicho kinachompa sauti katika kikao cha ukoo. Kwa hiyo anakodisha msimu kwa msimu, kodi inalipwa mbele, na sharti ni moja linalojulikana maeneo mengi ya nchi: panda mahindi, panda maharage, lakini usipande mti. Anayepanda mti amedai ardhi.

Sharti hilo linaeleza sehemu kubwa ya kilimo cha vijana wetu. Tunawalaumu kwa kukimbilia nyanya na matikiti maji, mazao ya kubahatisha yanayooza njiani bei ikianguka, na kuyaacha yale yanayojenga mtaji polepole. Lakini mparachichi uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu na huendelea kuzaa kwa miongo. Kijana mwenye ardhi ya miezi minne ataupandaje? Kinachoitwa tamaa ya pesa ya haraka ni hesabu sahihi ya mtu asiyejua kama mwakani shamba litakuwa lake kulima.

Serikali nayo imelijibu tatizo hili kwa kufungua ardhi mpya. Mpango wa BBT, ulioanza mwaka 2022, unawakusanya vijana katika mashamba makubwa ya pamoja kama lile la Chinangali mkoani Dodoma. Ni jitihada yenye faida, lakini watakaoingia humo ni sehemu ndogo ya vijana zaidi ya milioni 20. Ardhi iliyoko nyumbani kwao, yenye barabara, soko na maji ya mfereji, inaendelea kusubiri mazishi ya mwenyewe ili igawanywe, na mara nyingi hugawanywa kwa ugomvi.

Kiinua mgongo na pikipiki

Mjini, nafasi ya ardhi inachukuliwa na kiinua mgongo. Mwaka 2018, mifuko ya hifadhi ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya za kikokotoo cha mafao ziliwapunguzia wastaafu fedha za mkupuo hadi asilimia 25. Manung'uniko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais Magufuli alizisitisha Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 kikokotoo kikawekwa asilimia 33, na katika bajeti ya Juni 2024 kikapandishwa hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani.

Vijana wengi waliutazama mjadala ule kama ugomvi wa walimu na wauguzi wanaokaribia miaka 60. Laiti wangejua ulikuwa unawahusu. Mtaani, kiinua mgongo ndicho benki ya kijana asiye na dhamana. Mwalimu mstaafu ananunua pikipiki mbili na kuwakabidhi vijana wa jirani. Muuguzi mstaafu anafungua duka la dawa na kumwajiri binti wa dada yake. Mwingine anajenga fremu tatu barabarani, na ndani yake wanaingia kinyozi, fundi simu na wakala wa kutuma na kutoa pesa, wote chini ya miaka 30.

Mkataba wa bodaboda unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndio ubia wa kiuchumi ulioenea zaidi kati ya vizazi viwili katika miji yetu. Kuna wanaoendesha kwa hesabu ya kila siku bila mwisho. Kuna walio kwenye "mkataba": kijana analeta hesabu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha kadi inahamia kwake na pikipiki inakuwa mali yake. Mzee anapata kipato bila kutoka nyumbani, kijana anapata chombo ambacho benki isingemkopesha. Mpango huu haukubuniwa na wizara yoyote.

Udhaifu wake unajulikana vilevile. Makubaliano mengi ni ya mdomo au ya karatasi moja iliyoandikwa kwa mtendaji wa mtaa. Ajali, ugonjwa na faini za barabarani humwangukia kijana, na siku asizotembea bado anadaiwa hesabu. Akishindwa wiki mbili za mwisho, pikipiki aliyokwisha kuilipia karibu yote inaweza kuchukuliwa. Upande wa pili, mzee aliyeweka akiba ya miaka 35 kwenye chombo kimoja anaweza kuamka asubuhi na kukuta kijana, pikipiki na simu havipatikani. Mkataba wa mfano ulioandikwa kwa lugha nyepesi, unaosajiliwa kwenye kata kwa ada ndogo na kueleza nini kinatokea siku ya ajali, ungewafaa wote wawili kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Chumvi, sabuni na viatu

Kiungo cha tatu ni malezi. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miongo iliyofuata mkoa huo ulishuhudia mabibi na mababu wakianza upya kulea watoto, safari hii wa watoto wao waliofariki. Mwaka 2003, huko Nshamba wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza kuwalipa wazee hao kiasi kidogo cha fedha kila mwezi bila masharti mengi. Tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba katika kichwa chake vitu vitatu vilivyonunuliwa: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Pesa iliyoitwa ya wazee ilikuwa inavaliwa na wajukuu.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka Afrika Kusini, ambako pensheni ya wazee inayolipwa na serikali ilipanuliwa kuwafikia Waafrika kwa viwango sawa na wengine mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanauchumi Esther Duflo alionyesha mwaka 2003 kwamba bibi alipopokea pensheni, wajukuu wa kike waliokaa naye walikua na afya bora zaidi, ilhali pensheni ya babu haikuonyesha matokeo hayo. Mwaka 2009, Cally Ardington, Anne Case na Victoria Hosegood, waliofuatilia kaya za KwaZulu-Natal kwa miaka, waligundua kwamba pensheni ilipoingia nyumbani, watu wazima wa kaya hiyo walipata ajira zaidi, hasa kwa kusafiri kwenda kuitafuta. Sababu inaeleweka kirahisi. Nauli ilipatikana, na mtu wa kubaki na watoto alikuwepo na alikuwa na cha kuwapikia.

Hapa kwetu mambo ni hayohayo, isipokuwa bibi hana pensheni. Binti anayekwenda kufanya kazi za ndani au kiwandani anamwachia mama yake mtoto, na kila mwezi anatakiwa kutuma matumizi. Mwezi anaokosa kutuma, mtoto na bibi wanalala njaa pamoja. Kipato cha kijana wa mjini kinagawanyika kabla hakijafika mfukoni, na kile ambacho kingekuwa mtaji kinakuwa unga na dawa za presha.

Mzee akigeuka kizuizi

Uhusiano huu ukiharibika, huharibika vibaya. Katika mikoa ya Usukuma, hasa Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Katika pwani ya Kenya, kaunti ya Kilifi imekuwa na mauaji ya namna hiyo hata wazee waliotishwa wakapata hifadhi katika kituo cha Kaya Godoma, huko Ganze.

Mashirika ya haki za binadamu yamerudia kusema kwamba imani ya uchawi mara nyingi huandamana na ugomvi wa urithi. Mjane mwenye shamba, ambaye Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 halikumpa nafasi ya maana katika mali ya marehemu mumewe, anakaa juu ya ardhi ambayo shemeji na watoto wa kambo wanaihesabu kuwa yao. Kijana aliyesubiri kwa miaka anaanza kumwona kama mlango uliofungwa. Kuwahamishia wahanga katika makao kama Kolandoto au Bukumbi kunaokoa maisha, na ni lazima kuendelee. Hakugusi, hata hivyo, kile kilichomfanya jirani amchukie.

Mifereji isiyokutana

Tuitazame sasa serikali. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee mwanamume wa miaka 65 asiye na ulemavu hana mlango wa kuingilia hapo. Bibi anaweza kupita mlango wa wanawake, lakini mkopo wa kikundi cha biashara haujakatwa kwa kipimo chake. Mikopo hiyo yenyewe ilisitishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Upande wa wazee, Sera ya Taifa ya mwaka 2003 iliahidi mengi, ila ilivuka miaka 20 bila sheria ya wazee ya Tanzania Bara ya kuibeba. Matibabu bure kwa mzee asiyejiweza yameandikwa, dirisha la wazee lipo katika hospitali nyingi, lakini mara kwa mara mzee hutoka dirishani na karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Atakayezinunua ni mwanawe.

Programu kubwa iliyokaribia kuiona familia nzima ni TASAF, ambayo kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini imefikia zaidi ya kaya milioni moja. Inahesabu kaya, na humo mzee, mama na mwanafunzi wanaonekana pamoja. Upungufu wake ni kwamba lazima kaya ithibitishwe kuwa maskini sana. Bibi mwenye ekari mbili na bati juu ya nyumba anaweza kuachwa, na mwakani akaziuza ekari zenyewe.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Aprili 2016 ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mtumishi, mvuvi au mkulima wa karafuu, kwa fedha za bajeti yake yenyewe. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee zaidi ya 20,000, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Mwaka 2020 ikatunga na sheria ya masuala ya wazee. Kwa visiwa vilivyokuwa na nyumba za wazee Sebleni na Welezo kwa miongo kadhaa, hatua hiyo ilibadili swali, kutoka wazee wakae wapi hadi waishi kwa kipato gani hapohapo walipo.

Kenya nayo imeandika makundi yote mawili katika Katiba ya 2010: Ibara ya 55 ya vijana, ya 57 ya wazee. Tangu 2018 kila aliyefikisha miaka 70 anastahili shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia Inua Jamii, ingawa ucheleweshaji wa malipo umekuwa kero ya kudumu. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali. Hata hivyo, maandamano ya Juni 2024 yalionyesha kuwa kizazi kipya hakijioni ndani ya mipango hiyo. Kenya imechimba mifereji yote miwili, ila bado haijaiunganisha.

Nani anazungumza, nani anashika simu

Ushirikishwaji una upande wake wa sauti. Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu aliyefikisha miaka 18. Kiuhalisia, wazee hukaa mbele na kusema kwanza, na vijana wako kijiweni kwa sababu wameshajua yatakayoamuliwa. Mabaraza ya wazee yameundwa kutoka vijijini hadi ngazi ya taifa. Sheria ya Baraza la Vijana ya Tanzania Bara ilipitishwa mwaka 2015, ikakaa miaka kwenye makabati. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema, na ni kweli. Ila neno linaloamuliwa bila wa kulitekeleza haliendi mbali.

Kwenye simu, mamlaka yanageuka. Fedha za TASAF, za watoto na za vikundi zinapita kwenye simu, na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ukamilishwe mwaka 2020, mzee ambaye vidole vyake vimesagwa na jembe hupata taabu hata kusajili laini yake. Matokeo yake ni kwamba namba ya siri ya babu iko kichwani mwa mjukuu. Mara nyingi hiyo ni msaada, mara nyingine ni wizi wa ndani, na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaijua njia hiyo. Kila kata ina vijana wenye ujuzi wa kukaa na wazee, kuwasomea ujumbe na kuwafuatilia malipo kwa ujira mdogo unaojulikana. Kazi hiyo inafanyika tayari. Kinachokosekana ni kuitambua, kuilipa na kuisimamia.

Dalili njema zipo. Katika vikundi vya VICOBA, bibi wa miaka 68 na kijana wa miaka 24 hununua hisa katika sanduku moja. Mzee huleta uaminifu na ukali wa kudai marejesho, kijana huandika daftari na kukopa ili azungushe. Hakuna anayeulizwa umri, na labda ndiyo sababu vikundi hivyo vimedumu kuliko vingi vilivyoundwa kwa ajili ya kupata mkopo wa halmashauri.

Mapingamizi matatu

La kwanza dhidi ya wazo la kuwalipa wazee wote pensheni ni gharama. Tufanye hesabu ya juu juu. Wazee wote milioni 3.5 wa nchi nzima wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, zinahitajika kama shilingi bilioni 840 kwa mwaka. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, kwa hiyo ni chini ya asilimia 2. Kwa 50,000 inafika trilioni 2.1, zaidi kidogo ya asilimia 4, na huo ni mzigo mzito. Kuanzia miaka 70 kama Zanzibar, gharama inashuka sana. Si fedha ndogo, lakini ni uchaguzi wa kibajeti kama mwingine wowote.

La pili: mzee mwenye pensheni hataachia ardhi ng'o. Lina ukweli. Ardhi ni pensheni, lakini ni pia heshima, makaburi na jina la ukoo. Ndiyo maana pensheni peke yake haitoshi. Inahitaji kuandamana na ukodishaji wa muda mrefu ulioandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 tayari inamruhusu mwenye haki miliki ya kimila kukodisha kwa idhini ya halmashauri ya kijiji. Mkataba wa miaka 10 au 15, unaosema wazi kwamba miti ni ya mpandaji na ardhi ni ya mwenyewe, ungelivunja lile sharti la "usipande mti" bila mzee kupoteza chake. Mzee aliye na uhakika wa kula mwezi ujao anaweza kuusaini. Asiye nao atataka kodi ya msimu, taslimu, leo.

La tatu: pensheni itawafanya watoto wawatelekeze wazazi. Yaliyoonekana Nshamba na Afrika Kusini yanaelekea kinyume. Fedha ya mzee haikai kwa mzee. Na kinachowachosha watoto hadi wakaacha kupokea simu za nyumbani ni mzigo unaowazidi, kila mwezi, bila mwisho.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua una maana. Kipato kidogo cha uhakika kwa wazee kianze, hata kama ni kwa umri wa juu na kiwango cha chini. Mikataba ya mfano ya ardhi na ya vyombo vya usafiri ifuate, kwa kuwa haigharimu sana. Halafu masharti ya mikopo ya asilimia 10 yafunguliwe kwa vikundi vya mchanganyiko wa umri, mzee akiingia na shamba au fremu yake, kijana akiingia na kazi yake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye leo anajaza fomu ya vijana asubuhi na ya wazee mchana, aipime kazi yake kwa kaya anazozihudumia.

Hadi hapo, tutaendelea kuusoma vibaya ugonjwa wetu. Kijana anayepewa mkopo wa halmashauri huku mama yake hana ya dawa wala ya unga atautumia mtaji huo nyumbani kabla biashara haijasimama, na ripoti itamtaja miongoni mwa walioshindwa kurejesha. Watasema alikosa nidhamu ya fedha na elimu ya biashara. Ukweli ni kwamba mkopo wake ulilipa pensheni ambayo mama yake hakuwahi kupewa.